Mlowezi, Shamba na Vita: Filamu Inayohitaji Mtazamaji wa Kisarawe (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilieleza tofauti ya mtawala na mlowezi. Mtawala hutumwa, muda wake ukiisha hufunga virago. Mlowezi hupanda miti, huzaa watoto na huzika wazee wake palepale, kisha huamini kwamba ardhi imemzoea. Leo tuingie katika filamu yenyewe.

White Material ya mwongozaji Mfaransa Claire Denis ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2009. Aliiandika pamoja na Marie NDiaye na kuipiga Kameruni, ingawa nchi ya hadithi haitajwi. Denis si mgeni wa bara hili: utoto wake mwingi aliupitisha Afrika, baba yake akiitumikia serikali ya kikoloni. Jina la filamu lina maana ya mali ya Wazungu, kuanzia kiberiti cha mfukoni hadi Wazungu wenyewe.

Maria Vial, anayeigizwa na Isabelle Huppert, anasimamia shamba la kahawa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimewaka. Helikopta ya jeshi la Ufaransa inamhimiza aondoke, naye hataki. Vibarua wake wanakimbia; yeye anakwenda kukodi wengine, kwa kuwa kahawa imeiva. Watoto wenye mapanga na bunduki wanalinyemelea shamba, na ndani ya nyumba amejificha ofisa wa waasi aliyejeruhiwa, ambaye watu humwita Bondia. Mwishoni wanajeshi wa serikali wanaingia na kuwachinja watoto wale usingizini. Hakuna muziki wa kutuliza moyo hapo. Niliitazama sehemu hiyo mara moja, na sijapata nguvu ya kuirudia.

Watazamaji wengi huuliza: mama huyu ana kichaa gani? Mimi naona jibu limo ndani ya hadithi. Shamba si lake, ni la baba mkwe wake, na mume waliyeachana naye anafanya mipango ya siri kuliuza kwa meya. Kilicho chake ni jasho tu, na jasho halina hati.

Kasoro kubwa ya filamu ni ukimya wake kuhusu waliolima pale kabla ya kahawa. Mtazamaji wa Kisarawe anaweza kuujaza ukimya huo. Pugu, katika nchi ya Wazaramo, wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani walikuwa wamefika mwaka mmoja tu nyuma waliposhambuliwa tarehe 13 Januari 1889, wakati pwani nzima ilipokuwa imeinuka dhidi ya Wajerumani. Baadhi yao waliuawa, wengine wakatekwa. Kuanzia 1902 serikali ya Kijerumani ikawalazimisha wananchi wa wilaya ya Dar es Salaam kulima pamba katika mashamba ya pamoja, siku 28 kwa mwaka, kwa malipo duni mno. Miaka mitatu baadaye ikazuka Maji Maji. Kibasila, kiongozi wa Wazaramo, alinyongwa. Shule ya sekondari jijini Dar es Salaam ina jina lake hadi leo.

Kwa nini basi hadithi ya Maria haikutokea kwetu baada ya uhuru? Wengine husema ni upole wetu. Sikubaliani nao. Walowezi wa Tanganyika walikuwa wachache, na nchi ilikuwa chini ya udhamini wa kimataifa, ndiyo maana Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, mjumbe wao Kirilo Japhet aliweza kulifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Kubwa zaidi ni sheria ya 1963, iliyobadilisha umiliki wa kudumu wa ardhi kuwa wa kukodi kwa serikali. Mwaka 1967 serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Suala la ardhi lilishikwa na karatasi kabla halijashikwa na bunduki.

Kwingine mambo yalikwenda tofauti. Nenda Kwa Mfipa, Kibaha, ukitazame chuo cha uongozi cha Mwalimu Nyerere kilichofunguliwa mwaka 2022. Kilianzishwa na vyama sita vilivyoongoza ukombozi. Ukiiondoa CCM, vilivyobaki ni ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, na vyote vitano vilishika silaha katika nchi zilizojaa walowezi. Angola na Msumbiji zilipopata uhuru mwaka 1975, Wareno walikimbia kwa malaki, kisha wananchi wakapigana wenyewe kwa wenyewe: Msumbiji hadi 1992, Angola hadi 2002. Zimbabwe iliahirisha suala la mashamba miaka 20, likalipuka mwaka 2000.

Denis ameuonyesha mlipuko kwa ustadi, lakini baruti iliwekwa zamani, siku shamba lilipopimwa bila wenyeji kuulizwa. Msomaji uliye Maneromango, Masaki au Soga, leo viwanja vinapimwa na kuuzwa kila wiki huko kwenu. Kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka nani alilima wapi kabla ya mashamba makubwa, kaa naye, uandike majina na mipaka anayoitaja.