Hatimiliki safi si idhini ya ujenzi, wanunuzi wa nyumba Kapseret watahadhari

Na MWANDISHI WETU

KUWA na hatimiliki mkononi si hakikisho kwamba nyumba uliyonunua ilijengwa kwa kibali. Wapo wanunuzi wanaong'amua hayo wakiwa wamekwisha kulipa shilingi ya mwisho na kuhamia.

Kapseret, katika Kaunti ya Uasin Gishu, imo pembezoni mwa Eldoret, mji uliotawazwa kuwa jiji mnamo Agosti 2024. Mashamba yaliyokuwa ya mahindi na malisho ya ng'ombe yanazidi kugawanywa kuwa ploti. Mara nyingi mwenye ploti huanza kwa nyumba moja iliyoidhinishwa, kisha akaongeza vyumba vya kupangisha uani, duka kando ya barabara au hata ghorofa ya juu, bila kurejea kwa maafisa wa mipango. Anapouza, mnunuzi hurithi yote, mazuri na mabovu.

Kiini cha tatizo ni kwamba rekodi hizi huwekwa na afisi mbili tofauti. Msajili wa ardhi, aliye chini ya serikali ya kitaifa, huonyesha mmiliki, ukubwa wa ardhi na iwapo kuna mkopo au zuio. Hasemi lolote kuhusu kuta na mapaa. Idhini ya ujenzi ni jukumu la serikali ya kaunti. Kwa majengo ya kabla ya 2013, idhini ilitolewa na mabaraza ya wakati huo, likiwemo Baraza la Manispaa ya Eldoret, na faili zake zafaa kuulizwa.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 yakataza ujenzi wowote bila kibali cha kaunti. Anayeikiuka aweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela miezi miwili, au adhabu zote mbili. Isitoshe, ilani ya kusitisha ujenzi au kubomoa yaweza kukabidhiwa mmiliki au anayeishi humo, wala si aliyejenga pekee. Ndipo mnunuzi asiye na hatia hujikuta akijibu kosa la mwingine.

Hasara si ya fedha tu. Jumba la ghorofa lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, mnamo Aprili 2016 na kuua takriban watu 50, lilikuwa halina kibali cha kukaliwa.

Kabla ya kutia sahihi, mnunuzi amwombe muuzaji ramani za jengo zilizopigwa muhuri na cheti cha kuruhusu likaliwe, kisha azithibitishe mwenyewe katika afisi ya mipango ya kaunti. Alinganishe ramani hizo na kilichosimama, chumba kwa chumba. Mpimaji ardhi aonyeshe mipaka, maana ukuta ulioingia katika eneo la barabara au ukingo wa mto ni vigumu kuhalalishwa. Kwa kuwa Uwanja wa Ndege wa Eldoret uko upande huo, jengo refu lililo karibu nao huhitaji pia idhini ya mamlaka ya KCAA kuhusu kimo chake.

Mkataba nao ueleze wazi kwamba muuzaji anathibitisha kila jengo lina kibali, na kwamba atalipa gharama ikibainika vinginevyo. Ni desturi kulipa asilimia 10 kwanza. Salio lisitolewe kabla ya stakabadhi kukamilika.

Je, aliyekwisha kununua afanyeje? Kwanza, asiongeze hata tofali moja. Pili, amwajiri msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa wakague uimara wa jengo na kulichorea ramani, kisha aiombe kaunti ilihalalishe. Kaunti yaweza kukubali, kudai marekebisho au kukataa.

Tatu, akipokea ilani asiikalie. Sheria humpa siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango ya ardhi, na asiporidhika aweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Nne, wakili auchunguze mkataba. Dai dhidi ya muuzaji aliyeuvunja sharti liwasilishwe kortini kabla ya miaka sita kupita tangu ulipovunjwa.

Ada ya kumlipa mpimaji na msanifu huonekana nzito siku ya kununua. Huwa nyepesi mno ikilinganishwa na gharama ya kubomoa vyumba ambavyo tayari vina wapangaji.