Je, Wajua? Kopo la Jodari Linavyofika Nakivale

Je, wajua kwamba jodari wa kopo anayeliwa pamoja na tambi huko Nakivale, wilaya ya Isingiro nchini Uganda, hutoka Thailand? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa ripoti kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, na biashara ya jodari ni mojawapo ya zile walizozifuatilia. Wasomali wa Nakivale wanampenda sana samaki huyo, na wafanyabiashara wao walikuwa wamemtengenezea njia kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Nakivale haina bandari wala reli. Ni makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 185, na humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Anayedhani kwamba mkimbizi kazi yake ni kungoja gunia la msaada, kopo hilo linamsahihisha.

Ligeuze kopo utazame mistari myeusi. Chini yake kuna tarakimu 13. Zikianza na 885, kampuni yenye bidhaa hiyo imesajili namba zake Thailand. 616 ni Kenya, 620 ni Tanzania. Tarakimu hizo hutaja mahali kampuni iliposajili namba zake, wala hazithibitishi kiwanda kiko wapi, kwa hiyo usije ukagombana na muuzaji bure. Bidhaa ya kwanza kusomwa kwa mistari hiyo dukani ilikuwa pakiti ya chingamu, tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Maduka mengi madogo ya Nakivale bado hayana mashine ya kuisoma. Wenye maduka huandika daftarini, na wengi wao hukumbuka kichwani nani anadaiwa nini.

Je, wajua kwamba siku hizi kontena linaloondoka Mombasa hutazamwa njia nzima kutoka ofisini? Kontena lenyewe si jambo geni. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X ilibeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, na tangu hapo kazi ya makuli wa bandari ikabadilika duniani kote. Jipya ni kufuli. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo inayopita nchi moja kwenda nyingine. Kufuli ya kielektroniki hufungwa mlangoni, nayo hutuma habari za mahali lori lilipo. Dereva akiacha njia, au mtu akijaribu kuifungua, maofisa wa forodha hupata taarifa papo hapo na kikosi cha barabarani hutumwa. Hilo liliongezwa kwenye mpango wa forodha ya pamoja wa mwaka 2014, unaofanya ushuru wa mzigo wa Uganda ukadiriwe na kulipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa. Safari ya Mombasa hadi Kampala, ambayo zamani ilichukua siku 18 hivi, ikashuka hadi siku zipatazo 4.

Siku hizo zilizookolewa ni pesa. Mwenye duka la jumla aliyekopa ili aagize mzigo hulipia kila siku ambayo lori limekaa mpakani, na gharama hiyo huishia kwa mama anayenunua kopo moja.

Lakini lipo tatizo ambalo kufuli haijalitatua. Mombasa hupokea mizigo mingi kuliko inayosafirisha nje, kwa hiyo malori mengi yanayopanda bara yakiwa yamejaa hushuka matupu, na anayelipia safari hiyo tupu ni yule yule mnunuzi. Kampuni kama Lori Systems, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2016, hutumia programu za simu kuwakutanisha wenye mizigo na wenye malori yaliyo karibu. Isingiro yenyewe ina bahati hapa: ni wilaya ya matoke. Lori linaloteremsha unga na sabuni huku halikosi mikungu ya kupeleka Kampala, mradi dereva ajue ni shamba lipi limevuna, na siku hizi hulijua kwa simu kabla hajawasha injini.

Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, ndiyo ghala la eneo hili lote. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kigali hupita hapo. Mpaka wa Katuna ulipofungwa na upande wa Rwanda Februari 2019, hadi Januari 2022, maumivu yaliwafika hata wafanyabiashara wa mjini humo. Hakuna programu ya simu inayofungua mpaka uliofungwa na serikali.

Siku hizi ukinunua katika duka la jumla lililosajiliwa kodi, risiti yako huwa na mraba wenye nukta nyeusi. Huo ni wa mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda, uliofanywa kuwa wa lazima Januari 2021. Alama ya namna hiyo ilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani.

Je, wajua kwamba kidole gumba kinaweza kubadilisha njia ya chakula? Kwa miaka mingi mnyororo wa chakula Nakivale ulikuwa mmoja: Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilinunua mahindi na maharage, likayaleta kwa malori, watu wakapanga foleni. Mwaka 2018 ofisi ya waziri mkuu wa Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walihakiki wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho, baada ya kashfa ya majina hewa katika orodha. Zoezi lilipokwisha walihesabiwa watu wapatao milioni 1.1, pungufu kwa takriban laki tatu ya wale walioandikwa awali. Kwa utambuzi huo wa vidole, kaya nyingi zimekuwa zikipokea fedha badala ya gunia.

Fedha ikiingia, mnyororo mmoja hugawanyika kuwa mamia. Msomali hununua tambi, Mkongo hununua unga wa muhogo na mawese, Mrundi hununua maharage ayapendayo, na kila mmoja ana muuzaji wake mwenye njia yake ya kwenda Mbarara. Kenya ilikuwa imeonja jambo hili: mwaka 2015 kambini Kakuma ulianza mpango wa Bamba Chakula, ambamo salio la kununulia chakula lilitumwa katika simu na kutumika kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Mimi naliona hili kuwa badiliko kubwa kuliko kufuli zote za malori, kwa sababu limemrudishia mama wa nyumba haki ya kuamua chungu chake kipike nini. Udhaifu wake upo wazi vilevile. Mwaka 2023 msaada nchini Uganda ulianza kutolewa kwa viwango tofauti kulingana na uhitaji wa kaya, huku fedha za wafadhili zikipungua. Kaya ikikatwa msaada, mwenye duka naye hupunguza oda yake.

Na mzigo wa dukani unaagizwaje? Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kusafiri ndani ya nchi, kwa hiyo mwenye duka anaweza kwenda Mbarara mwenyewe. Ila nauli na siku nzima ya kufunga duka ni hasara. Badala yake hupokea picha ya bidhaa kwa WhatsApp, hukubaliana bei, hutuma pesa kwa simu, na mzigo hupakiwa kwenye taksi au basi. Kondakta hupiga simu akikaribia. Bodaboda humalizia kipande cha mwisho cha vumbi au tope.

Angalia kilichoandikwa juu ya boksi: jina na namba ya simu. Nakivale ina vijiji 79, lakini nyumba hazina namba, na mitaa mingi haina jina ambalo mgeni angelijua. Namba ya simu ndiyo anwani. Kenya wamelifanya jambo hili kuwa rasmi: tangu 2016, huduma ya MPost ya posta ya Kenya humruhusu mtu kuifanya namba yake ya simu kuwa sanduku la posta, na barua ikifika hupata ujumbe.

Ndiyo maana suala la laini ya simu ni suala la biashara. Uganda ilipokaza masharti ya kusajili laini mwaka 2017, kitambulisho kikawa cha lazima, na wakimbizi waliokuwa bado wanasubiri kadi zao walikwama. Mtu aliyefika katika kituo cha mapokezi cha Kabazana, humo Nakivale, angeweza kukaa muda mrefu bila laini yenye jina lake, na bila laini hakuna pesa za simu, hakuna oda, hakuna kondakta wa kukupigia. Agosti 2019 tume ya mawasiliano ya Uganda iliruhusu barua ya uthibitisho ya familia itumike kusajili laini. Habari hiyo haikupata kelele za uzinduzi wa roketi au droni, lakini kwa mwenye genge Nakivale ilikuwa na uzito kuliko hizo zote. Wenye uzoefu hawaitegemei namba moja. Mtandao wa simu hukatika, betri huisha, kwa hiyo kwenye boksi huandikwa namba mbili, ya mwenye mzigo na ya jirani anayeaminika.