Tone la Damu Lililokauka: Jinsi Ugonjwa wa Selimundu Ulivyohesabiwa Kanda ya Ziwa

Katika zahanati za vijijini nchini Tanzania hufanyika kazi moja ndogo ambayo ni wachache wanaoitambua kuwa ni sehemu ya sayansi. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI huchomwa kidogo kisiginoni, na matone machache ya damu yake hudondoshwa juu ya karatasi maalumu nene. Karatasi hukaushwa hewani, hufungwa ndani ya bahasha, na kupelekwa maabara ya mbali ili ijulikane mapema kama mtoto ameambukizwa au la. Kipimo kikiisha, karatasi huwekwa akiba. Mara nyingi damu iliyotumika ni kidogo tu, na sehemu kubwa ya tone hubaki palepale ilipokaukia.

Makala hii yaeleza jinsi mabaki hayo yalivyotumiwa na watafiti wa mjini Mwanza kujibu swali jingine kabisa: ni watoto wangapi katika Kanda ya Ziwa wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu? Swali hilo linavihusu vijiji vya kata ya Migato, wilayani Itilima, sawasawa na linavyouhusu mji wowote mkubwa. Yafaa tuanze na ugonjwa wenyewe.

Selimundu ni nini?

Chembechembe nyekundu za damu hubeba oksijeni kwa msaada wa protini iitwayo hemoglobini. Kwa watu wengi hemoglobini hiyo ni ya aina A. Wako wengine ambao jeni zao hutengeneza aina S. Tofauti baina ya aina hizi mbili ni ndogo mno. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza kwa mara ya kwanza katika majarida ya kitabibu chembechembe zenye umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba chanzo kimo ndani ya hemoglobini yenyewe. Kisha, katika miaka ya 1956 na 1957, Vernon Ingram alithibitisha huko Uingereza kwamba katika mnyororo mmoja wa protini hiyo asidi amino moja tu imebadilika: mahali pa sita, pale pa asidi ya glutamiki, pamekaa valini.

Badiliko hilo moja lina matokeo makubwa. Hemoglobini S ikiishiwa oksijeni hushikamana na kufanya nyuzi ndefu, na chembe iliyokuwa laini na mviringo huwa ngumu na kupinda kama mundu. Chembe za namna hii huziba mishipa midogo. Hapo ndipo yanapotokea maumivu makali ya mifupa, kuvimba kwa vidole vya mtoto mdogo, na wakati mwingine kiharusi. Tena chembe hizo hufa upesi. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini chembe yenye hemoglobini S huishi siku 10 hadi 20 tu, na kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa na damu daima. Wengu nao huharibika mapema, na mtoto hukosa kinga dhidi ya baadhi ya bakteria hatari.

Mtoto hupokea jeni moja ya hemoglobini kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Akipata S mbili, ni mgonjwa. Akipata A moja na S moja, yeye ni mbebaji: huishi maisha ya kawaida, na mara nyingi hajui lolote. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba huanza hesabu upya. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaomfuata hawajapewa dhamana.

Lazima isisitizwe hapa kwamba wazazi wote wawili wanahusika. Katika jamii zetu mama wa mtoto anayeugua mara kwa mara amepata kulaumiwa peke yake, kushukiwa mambo ya uchawi, hata kurudishwa kwao. Kanuni za urithi hazimpi mtu yeyote haki ya kumlaumu hivyo.

Kwa nini jeni hii haikutoweka?

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa tangu zamani wengi wa watoto wenye S mbili walikufa kabla ya kuzaa, mbona jeni S haikuisha? Jibu la swali hili lilipatikana hapa Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusomea udaktari Oxford, aliona kwamba wabebaji walikuwa wengi kandokando ya Ziwa Victoria na pwani, yaani kwenye malaria nyingi, na wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1953 jijini Nairobi aliwaambukiza malaria watu wazima 30 waliojitolea, 15 wakiwa wabebaji na 15 wasio wabebaji. Kati ya wasio wabebaji, 14 walipata vimelea katika damu. Kati ya wabebaji ni 2 tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954.

Basi jeni S ina sura mbili. Moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Mbili humletea ugonjwa. Mahali penye mbu wengi faida na hasara vilipimana kwa karne nyingi, na jeni ikabaki. Yafaa kuongeza kwamba jaribio kama la Allison leo lingelazimika kwanza kupita mbele ya kamati ya maadili, na huenda lisingeruhusiwa kwa namna ile. Ujuzi tunaoutumia hadi leo ulipatikana pia kwa miili ya watu wa kawaida wa nchi hizi, na ni haki urudi kuwafaa wao.

Watoto wasiohesabiwa

Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba selimundu ni nyingi kuzunguka Ziwa Victoria, lakini hesabu kamili haikuwapo. Sababu ni kwamba mtoto mgonjwa huzaliwa akiwa mzima. Katika miezi ya mwanzo bado anayo hemoglobini ya tumboni, aina F, ambayo haifanyi nyuzi. Inapopungua, karibu na umri wa miezi sita, ndipo ugonjwa hujitokeza. Huja kama homa au upungufu wa damu. Mahali ambapo homa ni jambo la kila siku, mtoto hutibiwa malaria. Akifariki, kifo huandikwa kwa jina la malaria. Wataalamu hukadiria kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara nusu au zaidi ya watoto hawa hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi bila kupimwa. Anayehesabu wagonjwa waliofika hospitali huwahesabu walionusurika tu.

Ilibidi basi kuwapima watoto wakiwa wadogo sana, na kwa maelfu. Kuunda mpango mpya wa kukusanya damu katika mikoa yote ya kaskazini-magharibi kungegharimu fedha nyingi. Watafiti wa Hospitali ya Bugando na chuo kikuu cha afya kilicho hapo Bugando, ambacho kilianza mwaka 2003, wakishirikiana na wenzao wa Cincinnati, Marekani, waliona njia nyingine. Karatasi za damu za watoto kutoka mikoa hiyo zilikuwa zimekwisha kufika katika maabara yao kwa ajili ya kipimo cha VVU. Utafiti huo, ambao Dkt. Emmanuela Ambrose alikuwa mmoja wa viongozi wake, ulichapishwa mwaka 2020.

Tone lililokauka lina manufaa makubwa kwa nchi isiyo na barafu wala umeme kila mahali. Halimwagiki, halivunjiki, na halihitaji jokofu njiani. Mbinu hii ilienezwa na Robert Guthrie wa Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kupima watoto wachanga. Gari la abiria au pikipiki yaweza kulisafirisha tone hilo kutoka Itilima hadi kilima cha Bugando bila madhara.

Umeme unavyotenganisha hemoglobini

Katika maabara kipande kidogo cha karatasi hukatwa na kulowekwa ili hemoglobini itoke. Majimaji hayo huwekwa juu ya bamba jembamba la jeli ambalo kiwango chake cha asidi kimepangwa kubadilika polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kisha umeme hupitishwa.

Hapo badiliko lile la asidi amino moja hujifunua. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi. Valini haina chaji. Kwa hiyo hemoglobini S ina chaji hasi pungufu kuliko A. Kila aina husafiri ndani ya jeli mpaka ifike mahali ambapo chaji zake hasi na chanya zinalingana, na hapo husimama. Aina A husimama mahali pake, S mahali pake, na F mahali pake. Mbebaji huonyesha mistari ya A na S pamoja. Mtoto mgonjwa huonyesha S na F, bila A. Fundi aliyezoea hutambua tofauti hiyo kwa macho.

Hesabu yasemaje?

Watafiti walipima sampuli 17,200 za watoto walio chini ya miezi 24. Wabebaji walikuwa 3,492, yaani asilimia 20.3. Wagonjwa walikuwa 210, yaani asilimia 1.2. Kwa maneno mengine, mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji, na mmoja kati ya 80 hivi ni mgonjwa.

Wanafunzi waliosoma kanuni ya Hardy na Weinberg wanaweza kuzichunguza takwimu hizi wenyewe. Watoto 17,200 wana jeni 34,400 za hemoglobini. Kila mbebaji ana S moja na kila mgonjwa ana mbili, hivyo jeni S ni 3,492 + 420 = 3,912, sawa na asilimia 11.4. Ikiwa jeni hugawanyika kwa nasibu tu, wagonjwa watarajiwe kuwa 222 hivi na wabebaji 3,467. Waliopatikana ni 210 na 3,492. Tofauti ni ndogo na yaweza kuletwa na bahati nasibu peke yake. Hata hivyo tukumbuke kwamba watoto wagonjwa waliofariki mapema mno hawakuweza kutoa tone la damu.

Je, watoto wa akina mama wenye VVU wanaweza kuwakilisha watoto wote? Hili ni swali zuri. Virusi havibadilishi jeni ya hemoglobini ambayo mtoto amerithi, na hiyo ndiyo sababu njia hii inakubalika. Lakini mtafiti mwangalifu huliuliza swali hilo kabla hajaulizwa.

Maana yake kwa Migato

Tukichukua wastani huo wa kanda, watoto 1,000 wakizaliwa katika vijiji kama vya Migato, takriban 200 watakuwa wabebaji na 12 watakuwa wagonjwa. Katika darasa la wanafunzi 40, yamkini wanane ni wabebaji. Kati ya ndoa 100, karibu nne huwaunganisha wabebaji wawili. Sayansi haina mamlaka ya kuwakataza watu hao kuoana, ila ina wajibu wa kuwapa habari ili waamue wakijua.

Hesabu peke yake haimtibu mtu, lakini huonyesha kazi ianzie wapi. Mtoto aliyetambuliwa mapema anaweza kupewa penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo, asidi ya foliki na kinga ya malaria. Tena iko haidroksiyurea, dawa inayoongeza hemoglobini F. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa hiyo walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, na vifo vilipungua. Dawa hizi si ngeni na nyingine ni za bei ndogo. Zinachohitaji ni kumjua mtoto mwenyewe kabla homa ya kwanza kali haijamfikia.

Hili ndilo funzo la utafiti huu. Chuo kikuu katika nchi maskini hakilazimiki kungoja mitambo yote ya nchi tajiri ili kiulize maswali yake. Karatasi iliyokwisha kutumika ilitosha. Lakini karatasi ikisafiri kutoka kijijini hadi Mwanza, nayo majibu na dawa hazina budi kurudi kwa njia ileile. Kazi itakuwa imekamilika pale mama wa Migato atakapoambiwa hali ya mtoto wake wakati dawa bado inaweza kumfaa.

Jaribio la darasani

Tia katika mfuko punje 89 za maharage meupe na punje 11 za maharage mekundu. Meupe ni jeni A, mekundu ni jeni S. Bila kutazama, toa punje moja, iandike, irudishe. Kisha toa ya pili, iandike, irudishe. Hizo mbili ni mtoto mmoja. Rudieni mpaka mpate watoto 200, kisha hesabuni wabebaji na wagonjwa. Mkigawana kazi katika makundi, linganisheni majibu: makundi yatatofautiana, lakini jumla ya darasa zima itakaribia takwimu za Bugando.