Habari za Bushi za Motakaa Kuukuu

Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za kitu kidogo kilichofichwa chini ya motakaa, ambacho mafundi hukiita bushi. Nyumba nyingi zina motakaa iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi huko Japani, nayo ndiyo ipelekayo watoto shuleni na mwalimu kazini kila siku. Gari la namna hii likianza kugonga chini kila lipitapo shimo, fundi husema, "Bushi zimekwisha," kisha huuliza, "Niweke zipi?" Mwenye gari, akifikiri karo na unga, hujibu upesi, "Zilizo rahisi." Jibu hilo laweza kumgharimu mara mbili, maana ujira wa fundi ni ule ule, bushi ikiwa njema au mbaya, na bushi ikipasuka mapema kazi yote huanza upya.

Bushi ya kawaida ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na kati yao mpira ulioshikamana na vyuma vyote viwili. Bomba la nje hukazwa ndani ya mkono unaoshika gurudumu; la ndani hupitishwa bolti na kufungwa katika mwili wa gari. Gurudumu likipanda na kushuka, chuma hakisugui chuma. Mpira wenyewe hujisokota kidogo, kisha hurudi mahali pake. Kwa hiyo bushi hii haitaki grisi. Atiaye grisi ya kawaida huiharibu, na mafuta ya injini yanayovuja juu yake huulainisha mpira na kuuvimbisha.

Wengi hudhani kwamba kazi ya bushi ni kushika tu. Sivyo, kazi yake ni kushika na kulegea pamoja. Tazama Toyota Corolla ya namna ile iliyoanza kuundwa mwaka 2000. Mkono wa chini wa gurudumu la mbele una bushi mbili. Katika mikono ya namna hii, kwa desturi, ile ya mbele hulizuia gurudumu lisiende kando gari likatapo kona, na ile ya nyuma, iliyo kubwa na laini zaidi, huliacha gurudumu lirudi nyuma kidogo likipiga jiwe, ili pigo lisifike kwenye viti. Ulaini ule uliwekwa kwa makusudi.

Basi huja muuzaji na bushi za rangi nzuri, nyekundu au manjano, zilizofanywa kwa poliurethani, naye asema kwamba hizi hazifi. Asemayo yana kweli ndani yake. Mafuta hayaziharibu upesi, nazo hulishika gurudumu imara zaidi, hata waendesha magari ya mashindano huzipenda. Lakini kwa kawaida ni ngumu kuliko mpira, na katika barabara ya vumbi yenye mawimbi kila mtikisiko huingia ndani ya gari. Tena nyingi za bushi hizi hazijisokoti. Huzunguka juu ya bomba lao, kwa hiyo zataka grisi ya silikoni, na grisi ikikauka au mchanga ukiingia, hulia kama kitanda cha kamba. Sisi twaona kwamba kwa gari la nyumbani lipitalo njia mbaya kila siku, mpira mwema wafaa kuliko poliurethani, hasa katika ile bushi kubwa ya nyuma. Kwa vile vibushi vinavyoshika fimbo ya kuzuia gari lisilale kando, atakaye poliurethani hatumkatazi.

Ziko pia bushi zilizochongwa kwa tairi kuukuu. Twaheshimu mikono ya wachongaji, lakini mpira ule haukushikamana na chuma, basi husugua na kuliwa. Zitumike kumfikisha mtu nyumbani, si zaidi.

Katika kununua mpira, chukua namba ya chesisi dukani, wala usitosheke na kusema "ni ya Corolla". Uliza namba ya kipuli. Tazama kama mpira umeshika chuma pande zote bila ufa. Kataa ile iliyoanikwa juani mlangoni mwa duka, maana jua na joto huuzeesha mpira hata kabla haujafungwa. Nunua za kulia na kushoto pamoja. Wengine watakuuzia mkono mzima pamoja na bushi zake. Hilo ni jema ikiwa mkono wako umepinda au umeliwa na kutu, lakini mkono mpya wa bei ndogo mara nyingi huja na bushi za bei ndogo, na mkono wako wa asili wenye bushi njema huupita.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kwamba kosa ni la bushi. Boljointi iliyolegea hugonga vivyo hivyo. Fundi na autie mtaimbo, asukume mkono taratibu, nawe utazame. Nyufa ndogo za juu juu si neno. Mpira uliochanika au kubanduka katika chuma ndio uliokwisha. Huo hufanya gari livutwe upande likipigwa breki, na tairi kuliwa ukingoni.

Sasa neno ambalo kwalo bushi njema nyingi hufa mapema. Fundi hufunga mkono gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, naye hukaza bolti kabisa. Gari likishushwa, mkono hupanda, na mpira uliokwisha kukazwa hujisokota. Hukaa umesokotwa mchana na usiku hata upasuke. Inafaa bolti zitiwe kwa mkono tu, kisha uzito wa gari uwe juu ya magurudumu yake, ndipo zikazwe. Mwambie fundi neno hili kabla hajaanza, tena usimame uone. Bushi nyingine zina matundu ndani ya mpira. Yawekwe upande ule ule yalipokuwa, basi atie alama kabla ya kutoa ile ya zamani. Wala asizichome kwa moto ili zitoke. Moshi wake ni sumu, na wa poliurethani zaidi. Itumike mashine ya kukandamizia.

Kazi ikiisha, gari lipelekwe kupimwa alaimenti siku ile ile, tairi zisianze kuliwa. Boksi la bushi usilitupe: andika juu yake tarehe na kilometa za gari, ulitunze pamoja na karatasi zake.