Neno, Msikilizaji na Jukwaa la Wazi: Siku ya Tamasha Katika Ngome Kongwe ya Unguja

Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kusema kwamba wimbo haukamiliki mpaka upate hadhira. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini aghalabu husemwa kana kwamba hadhira ni kitu kimoja kisichobadilika: watu waliokaa, wakasikiliza, wakaitikia. Makala haya yanakusudia kueleza yale yanayolipata neno la wimbo pindi linapotolewa katika ua wa harusi au katika faragha ya unyago na kupandishwa juu ya jukwaa la wazi, mbele ya umati usiojuana. Mfano uliochaguliwa ni Sauti za Busara, tamasha la muziki lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na ambalo mahali pake pa desturi ni Ngome Kongwe, katika Mji Mkongwe wa Unguja, mwezi wa Februari.

Yafaa kwanza mahali penyewe paelezwe. Ngome hii ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwaondoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17. Watu wa zamani waliiita Gereza, neno ambalo kwa kawaida hunasibishwa na lile la Kireno lenye maana ya kanisa. Na mahali hapo kweli palikuwa na kanisa la Wareno kabla ya kuta za sasa. Ndani yake mna uwanja usioezekwa. Kuta hizo humzuia asiyelipa kiingilio asiingie, wala haziwezi kuizuia sauti isitoke. Kwa hiyo, mbele ya ngome, katika bustani ya Forodhani, huwapo hadhira nyingine isiyohesabiwa: watu wanaokula mishikaki na urojo, wanaousikia wimbo bila ya kumwona mwimbaji. Hadhira hiyo ingestahili uchunguzi wake peke yake.

Ngoma huanza alasiri na kuendelea hata baada ya usiku wa manane. Vikundi hupokezana jukwaa, kila kimoja kwa muda uliopimwa. Vya alasiri, vingi vikiwa vya vijana, husikilizwa na watu wachache ambao bado wanatafuta mahali pa kukaa, na havina mengi ya kumshughulisha mwanafunzi wa lugha. Jambo moja linalovihusu vyote ni sharti la waandalizi kwamba muziki upigwe papo hapo. Haruhusiwi mtu kuimba juu ya kanda iliyokwisha kurekodiwa, kama ilivyoenea katika maonyesho mengi ya mijini. Sharti hili huonekana kuwa la kiufundi tu, ilhali kwa upande wa lugha ni kubwa mno. Kanda haimsikii msikilizaji. Mpigaji aliye hai huweza kukirefusha kibwagizo, kuurudia mshororo, au kukiacha kimya kidogo kabla ya kina cha mwisho, kwa sababu ameona uso wa mtu fulani mbele yake.

Umuhimu wa jambo hilo hudhihirika zaidi jua linapotua na zamu ya taarabu inapofika. Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka 1958, ndivyo vikundi vinavyoiwakilisha vyema taarabu ya Unguja ya asili: kanuni, udi, fidla, akodiani na dumbaki, na mara nyingi bashrafu isiyo na maneno kwanza, ili masikio yatulie. Kisha huja utungo, aghalabu wa beti za mishororo mitatu, kila mshororo ukiwa na mizani 16 na vina vya kati na vya mwisho. Ukiusoma utungo huo kitabuni, utauona kuwa malalamiko ya mapenzi ya kawaida, wala hayamwelekei mtu yeyote.

Harusini mambo ni mengine. Huko mwanamke mmoja huinuka kitini mwake, akatembea polepole kwa kufuata mapigo, noti mkononi ameiinua juu, akamtunza mwimbaji wakati ule ule mshororo fulani unapoimbwa. Wala hakuinuka kwa sababu ya uzuri wa sauti peke yake. Ameuchagua mshororo huo kwa kuwa unalisema lile analotaka kumwambia mtu aliyemo ukumbini, pengine jirani, pengine mke mwenza, naye mlengwa ajua, na majirani wajua. Mwimbaji huenda hana habari. Mtunzi aliyeandika utungo huo, labda miaka 40 kabla, hakuwajua watu hao kabisa. Kijembe kimetengenezwa na msikilizaji kwa kulichukua neno la mwingine na kulitia shabaha. Hapa tunzo ni tendo la kusema, na mwenye kutunza ndiye msemaji.

Juu ya jukwaa la tamasha, tendo hilo hupungukiwa na nguzo zake. Mwenye kutunza aweza kuwapo, na noti aweza kuitoa, lakini mlengwa hayupo. Na hata akiwapo amepotea katika umati wa wageni wanaoidhani noti ile kuwa ni zawadi ya kumshangilia mwimbaji. Muda nao ni mfupi. Utungo ambao harusini ungerudiwa mpaka kila mwenye lake aliseme, hapa hauna budi kwisha. Hakuna sababu ya kulia kwamba taarabu imekufa. Muziki wake hupendwa ngomeni kuliko pengine popote. Kilichopungua ni kazi ya neno.

Kwa kufuata mantiki hiyo, mtu angetazamia kwamba ngoma ya unyago ingeharibika zaidi, kwa kuwa hiyo ni ya siri. Mambo hayakuwa hivyo. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kote kwa jina la Bi Kidude na aliyefariki mwaka 2013, alipanda jukwaa la Sauti za Busara mara nyingi, naye hakuimba taarabu peke yake. Alileta pia nyimbo na mapigo ya unyago, ambayo kwa asili yake ni mafunzo ya wanawake kwa wari, mwanamume asiyapaswe kuyasikia. Katika tamasha wanaume waliyasikia, na watalii waliyapiga picha. Lakini walisikia nini? Lugha ya unyago ni ya mafumbo: vyombo vya nyumbani, wanyama na mimea husimama mahali pa mwili na ndoa, na ufunguo wa mafumbo hayo hutolewa na somo kwa mwari wake, kando, kwa maneno ambayo hayaimbwi. Jukwaa liliifichua sauti, likauacha ufunguo palepale ulipokuwa. Mwanamke aliyechezwa alicheka mahali ambapo mwanamume aliyesimama ubavuni pake hakuona cha kuchekesha.

Basi tofauti ni hii. Maneno ya taarabu huweza kufahamika kwa kila ajuaye Kiswahili, na nguvu yake hutokana na watu kujuana. Wasipojuana, makali hupotea. Maneno ya unyago yamejengewa pazia ndani ya lugha yenyewe, na pazia hilo husafiri pamoja na wimbo. Pwani ya Kenya inao mfano wa kulinganishwa, nao ni wa aina ya tatu: chakacha, ngoma ya wanawake wa Lamu na Mombasa, ambayo bendi za mahoteli ya Mombasa ziliichukua katika miaka ya 1980. Bendi hizo zilichukua zaidi mapigo, huku maneno ya kike zikiyaacha nyuma.

Usiku unapokuwa mkubwa, hali hugeuka kabisa. Likipanda kundi la kutoka Mali, mwanamke yule wa Unguja aliyekuwa mwenye neno saa mbili zilizopita huwa mgeni kama wageni wengine, akisikia sauti tupu. Ajabu ni kwamba mwimbaji wa ukoo wa majeli naye atoka katika desturi ya kutunzwa: huko kwao hutaja majina ya wazee wa mtu, na aliyetajwa hutoa fedha. Desturi mbili zinazofanana hivyo hukutana ngomeni bila ya kutambuana.

Suala la fedha halikwepeki. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa sababu ya upungufu wa fedha, likarudi mwaka 2017. Shughuli ya harusi hulipiwa na wenye harusi, yaani watu wa neno. Tamasha hutegemea wafadhili na viingilio, na sehemu kubwa ya walipaji ni watu wa sauti. Hata viingilio vya wenyeji, ambavyo huwekwa chini kuliko vya wageni, vyapasa kutazamwa na mwanaisimu kama kanuni ya kuamua ni lugha gani itakayofahamika mbele ya jukwaa.

Jambo la mwisho lahusu kanda ambazo wachunguzi huzitegemea. Vipaza sauti huelekezwa kwa mwimbaji na kwa vyombo. Mwanamke anayetunza hana kipaza sauti, wala hatua zake hazina sauti ya kunaswa. Alama pekee anayoiacha katika kanda ni kwamba mshororo uliopaswa kuimbwa mara mbili umeimbwa mara nne au tano. Na mwenye kuinukuu kanda hiyo kwa ajili ya chapa, akiwa hakuwapo uwanjani, huuandika mshororo huo mara moja tu, na yaliyosalia huyaacha kwa kuyaona kuwa ni marudio.