Likasi: Mastiki haizuii kutu ya gari, epoksi ndiyo inaizuia

LIKASI, Haut-Katanga — Mvua za kwanza zinapoanguka, mwezi wa 10 ao wa 11, magari mengi yaliyopakwa rangi wakati wa kiangazi yanaanza kutoa siri zao. Kwenye mlango, juu ya gurudumu, chini ya kioo cha mbele, rangi inafura kama ngozi iliyoungua moto. Ukibonyeza kwa kidole inapasuka, na maji ya kahawia yanatoka. Mwenye gari anarudi kwa fundi na hasira. Fundi anasema rangi ilikuwa mbaya. Muuza rangi anasema fundi hakujua kuchanganya. Mara nyingi shida haiko kwenye rangi hata kidogo. Imelala chini zaidi, kati ya mastiki na chuma.

Mji wa Likasi uko kwenye barabara ya kitaifa nambari 1, karibu kilomita 120 kutoka Lubumbashi, kwenye njia ya kwenda Kolwezi. Malori ya shaba, ya kobalti na ya asidi yanapita hapa usiku na mchana, pamoja na taksi na mabasi madogo. Kukwaruzana ni jambo la kila siku, na kazi ya matolie haikosi.

Magari wanayoletewa si mapya. Mengi yametembea miaka mingi Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakavuka Tanzania na Zambia hadi kuingia Kasumbalesa. Mengine yanafika yakiwa tayari na kutu, kwa sababu sehemu za baridi za Japani barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji. Hapa kwetu yanakutana na vumbi jekundu linaloshika unyevu, na mvua za karibu miezi sita. Tena Likasi ni mji wa viwanda: kule Shituru shaba inatengenezwa kwa asidi ya sulfuri tangu mwaka 1929. Popote penye hewa ya salfa na umande wa asubuhi, chuma kisichofunikwa vizuri kinaliwa haraka.

Mastiki inafanya nini, na haifanyi nini

Zamani, mafundi wa Ulaya na Marekani walijaza mabonde ya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa. Kuanzia miaka ya 1950, mastiki ya poliesta ilichukua nafasi yake. Ni utomvu wa plastiki uliochanganywa na unga laini wa jiwe la talki. Ukiongeza dawa ya kugandisha, ile ya kitubu kidogo, inakuwa ngumu kwa dakika chache na inasuguliwa kwa urahisi.

Kazi yake ni kunyoosha umbo tu. Mastiki inavuta unyevu kama tofali lisilopakwa plasta. Gari likitembea wiki nzima na mastiki wazi, mwenyewe akitafuta pesa ya rangi, maji ya mvua yanaingia ndani na kufika kwenye chuma. Rangi ikija kupakwa juu, inafungia maji yale ndani. Kutu inaendelea kula chini kwa chini, mpaka siku rangi inafura.

Epoksi ni kitu kingine. Ni rangi ya kwanza ya makopo mawili, epoksi yenyewe na dawa yake ya kugandisha. Vikichanganywa vinashikamana na chuma kwa nguvu sana na kuzuia maji na hewa kukifikia. Bila maji na hewa, hakuna kutu.

Apre ya kawaida ya kopo moja haiwezi kuchukua nafasi hiyo. Inakauka kwa kupoteza kiyeyusho chake, na ukiweka mastiki juu yake inalainika tena na kubanduka. Iko pia rangi ya kwanza yenye asidi, ile inayouma chuma. Hiyo ni nzuri kwa kazi nyingine, lakini mastiki haipaswi kuwekwa moja kwa moja juu yake, kwa kuwa asidi inaizuia kuganda sawasawa.

Kazi inavyopaswa kwenda

Kwanza ni nyundo. Bati linyooshwe mpaka bonde lililobaki lisizidi milimita 3 hivi. Mastiki nene ya vidole viwili itapasuka kwenye mashimo ya barabara hata kama kila kitu kingine kimefanywa vizuri.

Pili, kutu yote itolewe mpaka chuma kiwe cheupe, kisha kisuguliwe kwa karatasi ya emeri nambari 80. Palipotoboka, mastiki haizibi. Bati likatwe na lingine liunganishwe kwa moto.

Tatu, mafuta yapanguswe kwa kitambaa safi chenye dawa ya kutoa mafuta, na kitambaa cha pili kikaushe. Kuanzia hapo chuma kisiguswe kwa mkono mtupu.

Nne, epoksi ipulizwe siku ileile, mikono miwili, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo. Kupima kwa jicho ndiko kunakoharibu. Hata hali ya hewa ni ya kuangalia: epoksi nyingi zinataka joto la nyuzi 15 ao zaidi, na asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 hapa Likasi ni za baridi. Afadhali kungoja jua lipashe bati.

Tano, epoksi ikishakauka kadiri kiwanda kilivyoandika, ndipo mastiki inawekwa juu yake. Muda ulioandikwa ukipita, epoksi isuguliwe kidogo kwa nambari 180 ili mastiki ipate pa kushika. Dawa ya kugandisha ni karibu gramu 2 kwa gramu 100 za mastiki. Ikizidi, doa linaweza kutokea juu ya rangi baadaye. Ikipungua, mastiki inabaki laini ndani.

Sita, mastiki isuguliwe kavu, kwa nambari 80, kisha 180. Wanaosugua kwa maji wanaiingizia wenyewe unyevu wanaoukimbia. Mwishoni, mkono mwingine wa epoksi ao apre ya makopo mawili ufunike mastiki na kila mahali chuma kilipoonekana, usuguliwe kwa nambari 400, ndipo rangi ije.

Je, wanaoweka mastiki kwenye chuma kitupu wanakosea?

Matolie wengi wa zamani wanasema mastiki inapaswa kuuma chuma chenyewe. Hawasemi uongo. Makopo mengi ya mastiki yanaruhusu hivyo, na iko magari yaliyotengenezwa hivyo yanayodumu. Lakini hiyo inadai chuma safi kabisa, nyumba iliyofungwa, na kazi kufunikwa haraka.

Garaji ya chini ya mwembe haina nyumba hiyo. Chuma kilicholala usiku mmoja kwenye umande kimeanza kutu ambayo jicho bado halioni. Kwa hiyo fundi anayefanya kazi nje ndiye anayehitaji epoksi kwanza kuliko yule mwenye chumba cha kupuliza rangi. Ikishapakwa na kukauka, gari linaweza kungoja pesa ya mwenyewe bila chuma kuharibika.

Gharama na mapafu

Kinachozuia mara nyingi ni bei. Mwenye gari haoni epoksi. Anaona rangi inayong'aa, na hapendi kulipia kisichoonekana. Dereva wa taksi anahesabu pia kila siku ambayo gari linalala garaji bila kuleta kitu nyumbani. Lakini kazi ikirudiwa baada ya mvua, analipa rangi mara mbili, na siku zinapotea tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Fundi naye anapoteza jina. Njia moja rahisi ya kujilinda ni simu: apige picha ya chuma kikiwa kitupu, na nyingine baada ya epoksi, amtumie mwenye gari kabla ya kuweka mastiki. Hapo kazi iliyofichika inaonekana, na bei inaeleweka.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye hesabu. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta upele ambao baadaye unarudi kwa kuguswa kidogo tu. Dawa za kugandisha za rangi nyingi za makopo mawili zina kemikali inayoweza kuleta pumu ya maisha. Kitambaa mdomoni hakizuii mvuke huo. Inatakiwa maski yenye kichujio cha makaa, pamoja na glavu. Vijana wanaojifunza kazi ndio wanaosugua na kushika taa karibu na pistole ya rangi. Wao pia wana mapafu.

Kwa anayenunua gari la mitumba, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia. Ipitishwe polepole kwenye milango na juu ya magurudumu. Pale isiposhika bati la chuma, kuna mastiki nene chini ya rangi. Na kwa anayepeleka gari lake garaji kiangazi hiki, kabla ya kutoa pesa ya kwanza amuulize fundi mambo matatu: kutu itatolewa mpaka wapi, ni kitu gani kitapakwa kabla ya mastiki, na mastiki itakaa siku ngapi bila kufunikwa.