Kipakatalishi cha ushirika: matayarisho ya siku ya kwanza ni kinga ya miaka mingi

Zamani hesabu za chama cha ushirika ziliandikwa katika daftari kubwa lenye jalada gumu. Daftari hilo lilifungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati ukakaa mfukoni mwa katibu. Leo katika vyama vingi daftari hilo limegeuka kuwa kipakatalishi, yaani kompyuta ndogo iwezayo kupakatwa mapajani kama mtoto. Ndani yake mna uzito wa kahawa ya kila mkulima, malipo aliyokwisha kupata, deni lake la mbolea na namba yake ya simu. Kwa hiyo yeye aliyekabidhiwa mashine hiyo hakukabidhiwa chombo cha kuandikia tu, bali amekabidhiwa jasho la watu.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji namna ya kukitayarisha kipakatalishi kipya, vifaa vyake na mtandao wake. Mkazo wetu ni juu ya mpangilio wa hatua, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Aghalabu mashine huunganishwa na mtandao kwanza, kisha kila kifaa kikachomekwa, na habari ya usalama hukumbukwa baada ya mali kuibwa.

Inafaa kukumbuka kwamba kompyuta ya kubebeka na mtandao havikuzaliwa siku moja. Kompyuta ya Osborne 1, iliyotolewa huko Marekani mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, nayo haikuwa na betri ndani yake. Kila ilipopelekwa ilitafutiwa soketi ukutani. Mtandao nao ulikuwa na njia yake. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1973 Robert Metcalfe na mwenzake David Boggs, wakitumia fikra zilizotokana na kazi hiyo ya Hawaii, wakaanza kuunda Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya ambayo inatumika hata leo. Kanuni za kwanza za mtandao usio na waya, ule tuuitao Wi-Fi, zilitolewa mwaka 1997. Kwetu Afrika Mashariki mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2009, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipofika Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka pwani huduma hiyo ikapanda bara hadi Uganda na Rwanda.

Basi mashine iliyokuwa kama kisiwa sasa imepakana na dunia nzima. Mwizi wa daftari la zamani ilimbidi aje mwenyewe hadi mlangoni. Mwizi wa leo aweza kuwa ng'ambo ya bahari, naye haijui hata sura ya kijiji anachokiibia.

Hatua ya kwanza ni umeme. Kabla ya kuchomeka chochote, soma maandishi madogo yaliyo juu ya chaja. Chaja nyingi za siku hizi hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, na kwa hiyo zinafaa katika nchi zetu. Hatari imo upande wa pili, yaani umeme unaotoka kwenye chaja kuingia kwenye mashine. Ukiazima chaja ya mwenzako yenye tundu la duara, hakikisha kwamba volti zake ni zile zile zinazotakiwa na mashine yako, na kwamba ampea zake hazipungui, kwani kuingia kwa kichwa cha waya si ushahidi wa kufaa kwake. Chaja za aina mpya ya USB-C zina nafuu, maana hupatana na mashine juu ya kiasi cha umeme kabla ya kuutoa, lakini nazo zataka nguvu ya kutosha.

Katika nchi zinazozunguka Ziwa Victoria radi ni nyingi, na umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Hapana budi kutumia kifaa cha kukinga umeme unaozidi nguvu. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa chaja, na waya wa mtandao pia. Betri yenyewe huchukia joto. Usikiache kipakatalishi ndani ya gari lililosimama juani, wala usikitumie juu ya godoro linaloziba matundu yake ya hewa. Ikiwa kitakaa ghalani kwa miezi kadhaa, kiache na chaji ya karibu nusu.

Hatua ya pili ni milango na funguo. Mashine inapowashwa mara ya kwanza humtaka mwenyewe afungue akaunti. Fungua akaunti mbili: moja ya msimamizi, yenye mamlaka ya kuweka na kuondoa programu, na nyingine ya kawaida kwa kazi za kila siku. Programu mbaya ikiingia wakati wa kazi ya kawaida, itakuta mikono yake imefungwa kwa kiasi fulani. Kila mtumiaji apewe akaunti yake na neno lake la siri. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyopangwa pamoja, ni magumu kubuniwa kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa.

Kisha fungia diski kwa msimbo, ikiwa mashine inao uwezo huo, ili kipakatalishi kikiibwa mwizi apate chuma tu asipate habari zilizomo. Mashine itakupa namba ndefu ya kufungulia wakati wa dharura. Iandike juu ya karatasi na uiweke pamoja na mhuri wa chama, kwa maana namba hiyo ikipotea hata mwenye mali aweza kufungiwa nje.

Hatua ya tatu ni kusasisha programu. Hapa twaingia kwenye jambo linalowatatiza wengi, kwani masasisho hula bando, na bando ni fedha. Katibu mwenye bajeti ndogo huyazima ili aokoe shilingi. Lakini na tutazame yaliyotokea Mei 2017. Programu ya kihalifu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikafungia mafaili ya watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Sasisho la kuziba ufa ule lilikuwa limekwisha kutolewa mwezi Machi mwaka ule ule. Mashine nyingi zilizodhurika hazikuwa zimelipata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko ukuta ulijengwa kwa gharama kubwa.

Njia ya kupunguza gharama ipo. Siku ya kwanza ipeleke mashine mahali penye mtandao wa kuaminika usiohesabiwa kwa bando, na uiache ikamilishe masasisho yote. Baadaye tenga siku moja kila mwezi kwa kazi hiyo. Anayenunua mashine iliyokwisha kutumika aulize pia umri wa programu yake kuu: msaada wa kawaida wa Windows 10, kwa mfano, ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Hatua ya nne ni vifaa. Kipanya na kibodi ya nje havina taabu, na humpunguzia karani maumivu ya shingo, hasa skrini ikiinuliwa usawa wa macho. Printa iwekewe programu inayotoka kwa mtengenezaji wake au iliyomo tayari katika mashine, si ile iliyookotwa popote. Flashi ndiyo ya kuogopwa zaidi. Hutembea kutoka duka la kuchapisha hadi shuleni, kutoka shuleni hadi ofisini, ikibeba virusi kama mbu abebavyo malaria. Flashi ya mgeni ikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Diski ya nje ni ya lazima kwa ajili ya nakala. Kanuni ni nyepesi kuikumbuka: nakala tatu za kila hesabu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na ofisi. Diski ya nakala isiachwe imechomekwa mchana kutwa, kwa maana kinachoiharibu mashine chaweza kuifikia nayo. Aidha, nakala isiyowahi kujaribiwa si nakala bado. Kila baada ya muda fungua faili moja kutoka humo, uone kama linasomeka.

Sasa ndipo tunapofika kwenye mtandao wa ofisi. Ruta mpya huja na neno la siri la kiwandani. Libadilishe siku hiyo hiyo. Katika orodha ya kinga chagua WPA3, au WPA2 ikiwa ile haipo. WEP ya zamani isitumike kamwe, kwa kuwa udhaifu wake ulifichuliwa tangu mwaka 2001. Wageni wanaoomba mtandao wapewe njia yao, mbali na ile ya hesabu. Mawimbi ya gigahetsi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri. Yale ya 5 huwa na kasi zaidi lakini huchoka mapema. Kwa kompyuta isiyohamahama, waya ni bora, nao waweza kwenda hadi mita 100. Printa yaweza kutumiwa na wote, lakini folda ya hesabu iwe wazi kwa wanaohusika tu. Na uwapo hotelini au stendi ya mabasi, iambie mashine kwamba mtandao huo ni wa hadhara, ili isijionyeshe kwa wengine.

Yafaa kuongeza kwamba kwa wasomaji wa Uganda haya ni sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Kwa hiyo karani akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo, kama vile angalirudisha ufunguo wa kabati.

Hatua zote hizi hazizidi kazi ya siku moja au mbili. Mkulima ateremkaye mlimani na gunia lake hana haja ya kujua maana ya msimbo wala ruta. Analotaka ni kwamba kilo alizopimiwa leo mbele ya macho yake ziwe hizo hizo siku ya malipo.